Neno la Mwisho la Verna Pylypiuk Kwenye Tangi la Kupozea

Leo, tarehe 30 Septemba, Verna Pylypiuk anastaafu baada ya miaka thelathini na sita akiwa fundi mkuu wa mitambo katika uwanja wetu wa barafu. Aliajiriwa kwa msimu mmoja tu wa baridi. Kamati ikasahau kutafuta mwingine, na katika makosa yote ya kamati, hilo ndilo pekee lililotufaa.

Kila mwezi wa tisa, kabla maji hayajagandishwa, Verna alizunguka na chaki akiandika neno moja juu ya kila mtambo. "Kongwe" una umri na heshima yake, uache ufanye kazi. "Kuukuu" umechoka, lakini ukiubembeleza utakufikisha mwezi wa nne. "Umepitwa na wakati" maana yake vipuri vyake havitengenezwi tena popote, kwa hiyo omba usiharibike. "Chakavu" maana yake zima mtambo, toka nje. Wengine tuliona vitu vya zamani tu. Yeye alijua kwamba ukikosea neno, mtu ataumia.

Gari la kulainisha barafu aliliandika "mkweche", na jina likabaki. Kwenye fainali dhidi ya majirani zetu, mkweche ulizimika katikati ya uwanja na timu zote mbili zikausukuma, mashabiki wakiimba. Verna alishuka, akawainamia mashabiki kama mwigizaji jukwaani, kisha akarudi kwenye perogi zake, maandazi ya viazi, zilizokuwa zinapoa.

Mimi nilianza kwa kufagia vyumba vya wachezaji. Hakuna aliyenipeleka shule ya ufundi. Ninachokijua, ni yeye aliyenionyesha.

Sasa nije kwenye tangi la kupozea, lile lenye amonia inayogandisha barafu yetu. Liliwekwa mwaka 1983, na waliolitengeneza walisema litadumu miaka ishirini na mitano. Huu ni mwaka 2024, toa mwenyewe. Verna aliomba jipya mara saba. Mara ya saba tulipewa ubao mpya wa magoli, unaoonekana hadi barabara kuu.

Mwezi wa nne alichovya karatasi ya kupimia kwenye maji ya chumvi yanayozunguka chini ya barafu, ikabadilika rangi. Amonia inavuja humo. Alifuta "kuukuu", akaandika "chakavu".

Mwenyekiti wa kamati, Gord Lindqvist, akateremka chumba cha mitambo.

"Verna, dada yangu, andika 'kongwe' basi. Mama yangu ni mkongwe, na bado anatufunga karata."

"Mama yako hana amonia tumboni, Gord."

"Msimu mmoja tu!"

"Hata mimi nilikuja kwa msimu mmoja tu."

Tulicheka sote. Gord akalifuta neno kwa mkono wa koti lake, akapanda ngazi. Verna akaliandika tena, kwa herufi kubwa zaidi. Miaka kumi na tisa nimefanya naye kazi, sikuwahi kumwona akirudia neno.

Mnaposoma haya hapa ukumbini, kwenye hafla ya kumuaga, na sahani zenu mapajani, tangi lipo chini ya viti vyenu. Limezimwa, lakini amonia bado imo. Pumzi chache tu za hewa hiyo zinamwangusha mtu mzima. Kuanzia kesho ufunguo wa chumba cha mitambo ni wangu, na Jumatatu ijayo kamati inataka barafu. Watoto waliojiandikisha ni mia mbili na kumi na wawili. Milango ya dharura ni miwili, na mmoja unafungukia ubavuni mwa chumba cha mitambo. Nimepiga hesabu hiyo kila namna, na jibu linanitisha.

Jana asubuhi nilikuta neno limefutwa tena. Nimeliandika kwa rangi nyekundu ya mafuta. Koti halitalitoa. Jumatatu sitawasha, na atakayetaka kuwasha aje auchukue ufunguo mikononi mwangu mbele ya wazazi. Gord aliniagiza nimwandikie mstaafu wetu kitu cha kumchangamsha. Nadhani hiki kitamchangamsha.

Verna, asante kwa kila msimu ambao hakuna kilichotokea. Watu hawajui kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Miaka yote hiyo ulilala na simu kifuani. Tunakutakia umri mrefu, ukongwe wenye heshima zake zote, na usingizi mzito. Zima simu yako sasa. Yangu iko kifuani.

Clayton Bouvette, fundi msaidizi