Mikaratusi ya Seu Adauto Imedumaa

Hivi wewe, umewahi kuona udongo ukikonda? Sisi huku bonde la Jequitinhonha, Brazili, tunauona kila asubuhi, tumekaa benchini nje ya duka la Dona Zuleide, ukungu umelala chini yetu na mikaratusi imesimama ndani yake kama watu walioota wakasahau kuamka. Mimi nina shahada ya misitu na sina kazi, kwa hiyo wananiita Dotôri, yaani Daktari, kwa kebehi. Leo jirani yetu mkulima, Seu Adauto, hagusi kahawa yake. Machipukizi ya visiki vyake yamedumaa, majani ya njano, na mkataba wake na kampuni yenye kiwanda kinachonunua magogo unasema mavuno haya yakikosekana, kampuni inachukua shamba alilozaliwa.

— Ni mwezi, compadre, akasema Moshi, mchoma mkaa mstaafu. Ulikata mwezi ukiwa mchanga. Miti inaona aibu kukua.

— Mwezi gani, uai! Zuleide akamimina kahawa. Miti inahama. Usiku inang'oa mizizi, inateremka mtoni kunywa. Nimeisikia ikipita, shwaa, shwaa.

— Mbona yangu inarudi na njaa? akanong'ona Adauto.

— Udongo umelala, compadre, Moshi akamjibu. Unaota kwamba ni bahari. Sasa nani atalisha miti?

— Moshi, koma! nikaropoka. Magome na majani ndiyo chakula chenyewe! Zamani tuliambua magogo palepale shambani, magome yakaoza, udongo ukala. Sasa wanabeba gogo na gome lake, wanalichoma kwenye tanuri la kiwanda. Potasi, kalsiamu, vyote, tchau!

— Haya, Dotôri kaamka, akasema Moshi. Na shahada yako itachipua lini?

Wakacheka. Hata Adauto, kidogo.

Marlúcia, mdogo wake Zuleide, aliyefika jana kutoka São Paulo, hakucheka. Alikuwa akitazama lori la magogo likipanda mlima taratibu, likimezwa na ukungu.

— Samahani, gente. Lile likirudi, linaleta nini?

Moshi akasema linarudi tupu. Adauto akaikazia macho barabara, kama anayengoja mgeni.

Enyi wakubwa wa kiwanda, msitutumie tena mtaalamu mwenye kofia safi aje kutazama tu na kuondoka. Ambueni magogo hapahapa shambani. Na majivu ya magome mliyokwisha kuchoma, yaleteni kwa Adauto lori likirudi, mwageni kwenye visiki vyake, ndipo mthubutu kumwonyesha mkataba.