Maisha ya Fundi Povu, Aliyepaka Sabuni Kila Kiungio

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Povu, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga. Mama yake, aliyezalisha nusu ya mtaa, alipenda kusema kwamba huyu alikawia kutoka kwa sababu alikuwa anakagua njia kwanza. Wasifu huu tunausoma kwa sharti lake mwenyewe: watoto wake wawili, waliokuwa hawasemezani, waketi meza moja wauandike pamoja. Kama waliketi au la, mtasikia.

Shuleni alikuwa wa kawaida tu, isipokuwa kwenye kemia. Alimaliza sekondari mwaka 1975, akaendelea na chuo cha ufundi. Siku mwalimu alipowasha haidrojeni ikalia "pwa!" mdomoni mwa neli, wenzake walicheka, yeye aliuliza ile iliyovuja pembeni imekwenda wapi. "Imeshapanda zake juu, na wewe hukuiona," mwalimu akamjibu. Jibu hilo lilimnyima raha maisha yake yote.

Mwaka 1979 aliajiriwa kiwanda cha kujaza mitungi ya gesi, na mwaka 1986 akahamia maabara ya kupima seli za haidrojeni, zile zinazounganisha haidrojeni na oksijeni zikatoa umeme, na uchafu wake ukawa maji tu. Utaratibu wa kazi yake hata wanawe waliukariri wakiwa wadogo. Mabomba yajazwe kwanza naitrojeni, gesi isiyowaka. Koki ifungwe, mshale wa presha utazamwe, kila kiungio kipakwe maji ya sabuni kwa brashi. Povu likitoka, panavuja: kaza nati, paka tena. Pakitulia ndipo haidrojeni iingie, na mzigo wa umeme uongezwe kidogo kidogo. Vifaa vya kunusa gesi vilipoletwa alivipokea vizuri, ila brashi hakuiacha. "Mashine itakwambia panavuja," alisema. "Povu litakuonyesha wapi."

Mwaka 1987 alikuja mhandisi mpya, mwanamke mwenye haraka zake. Siku moja wageni walikuwa wamesimama wakingoja kuona seli ikiwasha taa, na fundi bado yuko chini, kapiga magoti na kikombe chake cha sabuni. Mhandisi akafoka, korido nzima ikasikia. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mhandisi, povu nimeliona. Lakini si kwenye bomba." Maabara ikaangua kicheko, na mhandisi naye, baada ya kununa kidogo. Jina likamganda siku hiyohiyo, na uchumba haukukawia.

Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988. Wapishi walipotaka kuwasha majiko ya gesi, bwana harusi alivua koti, akaomba brashi. Wageni wakalalamika, maana mwenye njaa hana miiko. Jiko la mwisho likatoa povu. Mama mkwe, aliyelalamika kuliko wote, ndiye aliyeanza kumpigia makofi. Tangu hapo hakuna aliyemcheka alipoisema methali yake: "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Usipoziba kiungio, huo ukuta wenyewe hutauona."

Alistaafu mwaka 2016, akiwa mtu aliyeridhika. Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Machi mwaka uliofuata wanawe waligombana: binti alitaka Baba ahamie kwake, karibu na hospitali kubwa, mdogo wake alitaka abaki kwenye nyumba yake na kitanda chake. Maneno mazito yalisemwa, kisha yakaisha, na ukimya uliofuata ndio uliomtisha mgonjwa. Salamu zikawa zinapitia kwa mama: "Mwambie mwanao." Aliwaambia kila mmoja kwa wakati wake, "Haidrojeni haina rangi wala harufu. Kimya chenu ni hivyohivyo. Afadhali mngefoka." Hawakumsikia. Ndipo akaweka sharti la wasifu. Alifariki tarehe 3 Juni 2024, saa nane mchana, mkewe akiwa amemshika mkono, na sharti lake halijatimizwa.

Waliketi juzi, meza ya jikoni. Walianza kwa adabu ya watu wasiojuana. Wakakwama kwenye jina: dada mtu hakutaka "Povu" lisomwe mbele ya watu, mdogo mtu akasema bila hilo nani atajua anazikwa nani. Hapo ndipo yakatoka yote, ya jina na ya ile Machi, kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Mama alisimama mlangoni, mhandisi yuleyule, akawaacha mpaka wakaishiwa pumzi. Kisha akasema, "Haya. Sasa mmeona panapovuja. Kazeni nati." Walicheka, wakalia, wakaandika.

Marehemu ameacha mjane, binti, kijana, wajukuu watatu, dada mmoja na mafundi wengi wanaotembea na brashi mfukoni. Anayesoma ni mdogo mtu. Aliyesimama kando, ameshika ncha ya pili ya karatasi hii, ni dada yake.

Pumzika kwa amani, Baba. Tumepaka sabuni mara mbili. Hapavuji.