Bi Ramani na Ua Usio na Rangi

Wazee wetu, ndugu, jamaa, majirani, na nyote mliokosa viti mkaegemea ukuta, familia imenipa kazi ya kuwasomea safari ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Ramani, nanyi mnivumilie, maana mimi ndiye mziwanda wa nyumba yetu na leo sauti yangu hainitii.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1959, mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba mwashi na mama mshonaji, katika chumba cha kupanga kilichotazamana na vyumba vingine saba, bomba moja, jiko moja la nje, na mama alizoea kusema kwamba dada alijifunza kutembea kwa kuangukia mikono ya wapangaji. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, sekondari hadi 1976, kisha chuo cha mipango miji, alikohitimu tarehe 28 Novemba 1979 akiwa msichana peke yake darasani, na wale waliomcheka mwaka wa kwanza ndio waliomwomba daftari mwaka wa tatu.

Tarehe 1 Julai 1980 aliajiriwa katika ofisi ya mipango miji, chumba cha michoro, ghorofa ya pili, meza ya dirishani, akaitumikia mpaka alipostaafu tarehe 3 Machi 2019. Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, aliyetutangulia tarehe 19 Agosti 2011, wakajaliwa binti mwaka 1989, ambaye ni muuguzi, na kijana mwaka 1992, aliyerithi kazi ya baba yake, na wajukuu watatu ambao bado wanauliza bibi anarudi lini.

Mwaka 1991 yeye na mumewe, pamoja na familia nyingine kumi na saba, yangu ikiwemo, walichukua kiwanja hiki kwa hati moja, na pale ambapo ofisi ingekata viwanja kumi na kimoja vyenye kuta, tukajenga nyumba kumi na nane zilizogeuziana milango, nafasi ambayo ingeliwa na kuta na njia za magari ikawa ua huu mliokaa, jiko la pamoja, chumba cha kufulia, na chumba cha kulelea watoto na kuuguzia wazee. Dada alikuwa akitutania kwamba mji ambao kila mtu ana geti lake, mwisho wake watu watazikana kwa simu, lakini utani huo ulikuwa na hesabu zake, aliwaonyesha wakubwa zake kwa vipimo kwamba watu wengi zaidi waliweza kukaa hapa bila kubanana, nao wakamsifu, wakafunga jalada.

Mwaka 1994 ilichorwa ramani ya matumizi ya ardhi ya mji mzima, njano ya makazi, kijani ya maeneo ya wazi, na dada alipofika kwetu hakuona rangi ya watu wanaoishi pamoja, mkuu wake akamwambia apake njano amalize, yeye akakataa, kwa sababu njano ya siku zile ilimaanisha kila nyumba na kiwanja chake na ukuta wake. Aliuacha ua wetu mweupe, akaandika juu yake kwa penseli kwamba ni wa wote, akingoja kanuni zibadilike, na kanuni hazikubadilika, ramani ikanakiliwa na kunakiliwa tena, penseli ikafutika, na katika ramani mpya eneo jeupe likasomwa kuwa ardhi isiyo na matumizi. Kosa hilo lilimuuma kuliko ugonjwa.

Ugonjwa wa moyo ulianza Februari 2023. Tarehe 9 Aprili mwaka huu, 2024, walifika wapimaji wawili, watu wa salamu nzuri, wakaomba maji ya kunywa, wakaondoka, na asubuhi yake tukakuta mawe sita ya mpaka ndani ya ua, jana vijana wakifunga turubai wamekuta la saba, hatujui limewekwa lini. Tarehe 14 Mei ofisi ilibandika tangazo la kubadilisha matumizi ya ua huu, siku thelathini za pingamizi zinaisha leo, tarehe 13 Juni, saa tisa na nusu, na kwa kuwa hati yetu ni moja, barua isiyo na sahihi zote kumi na nane haipokelewi. Dada aliiandika mwenyewe akiwa wodini, akafariki tarehe 10 Juni, saa kumi na moja alfajiri, barua ikiwa na sahihi kumi na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliopokezana zamu kitandani kwake, na wenzake wa ofisi ya mipango, ambao baadhi yenu mnajua kilichopangwa hapa, nasi hatuwaulizi mbele ya jeneza.

Majirani zangu, mwezi mzima mmekuwa mkitazamana, mkijiuliza ni nyumba gani iliyowaridhia wapimaji, na wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ni nyumba yangu. Nilitaka ukuta wangu na geti langu, kikao kikaninyima, dada akiwa wa kwanza kupinga, na wale wapimaji waliponiahidi kiwanja cha peke yangu nikatia sahihi karatasi yao ya ridhaa. Tarehe 8 Juni aliniuliza kama nimesaini barua yake, nikamwambia ndiyo, akanishika mkono, akanishukuru.

Sijui kama sahihi yangu ya leo itaifuta ile, na wao tayari wana nakala ya ile ridhaa.

Dada yangu, pumzika kwa amani. Jamani, nani ana kalamu?