Mzee Kijiko, Mwokaji Aliyeacha Kuonja

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasimulie maisha ya mpendwa wetu, mwokaji keki, ambaye wengi tulimwita Mzee Kijiko, kwa sababu ya kijiko kilichokaa mfukoni mwa shati lake kama kalamu ya karani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, na Januari 1975 akaajiriwa kufagia unga kwenye kiwanda cha mikate nyuma ya stendi, ambako baadaye alikabidhiwa meza ya keki. Hakupima kwa mizani, alipima kwa ulimi, na sisi tuliokua tukilamba mabakuli yake tunaukumbuka ule utamu, na tunautamani mpaka leo.

Tarehe 8 Septemba 1984 alifunga ndoa na mpigachapa wa ofisi ya maji, wakajaliwa watoto watatu, kitinda mimba akiwa binti.

Mei 2016 alikutwa na ini lenye mafuta, yeye ambaye pombe hakuijua hata harufu, na kilichomkosesha usingizi ni kimoja tu, asije akafa kabla ya kumwokea binti huyo keki ya harusi. Daktari alimwingiza kwenye utafiti wa vidonge vya bakteria hai wanaosaidia tumbo, akamweleza wazi kuwa hao ni wasaidizi tu, kazi kubwa ni kutembea na kuacha sukari, naye akaapa kutoonja tena. Bakteria aliwaita wageni wake, akiletewa maharage husema hiyo ni sahani ya wageni, na siku ya tatu akatangaza kuwa sasa wapewe jembe, walime mafuta. Mwaka uliofuata mafuta yalipungua, ingawa daktari hakuthubutu kusema ni kwa wageni au kwa miguu.

Tarehe 14 Desemba 2019 binti aliolewa, na keki aliioka baba mwenyewe, bila kuonja. Bibi harusi alikula kipande, akanywa maji, akaomba cha pili, na ukumbi mzima ukafuata, ukisifu.

Moyo wake ulisimama ghafla asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, akifunga kamba za viatu vya mazoezi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, waokaji wenzake, na kipekee ninyi mliokuwapo harusini. Mzee wetu, ile keki ilikuwa chumvi tupu, ulikosea kopo, tukala yote kwa sababu ulisimama pale mlangoni ukitutazama, na hatujawahi kukuona na furaha kama ile. Pumzika kwa amani, baba.