Crisanto Malabanan, Mpima Raba wa Marikina

Padri wetu, majirani wa San Roque, wafanyakazi wenzake wa karakana, na ninyi vijana wa timu ya mtaa ya mpira wa kikapu ambao tangu Jumapili hamna pa kuchezea kwa kuwa marehemu amelazwa chini ya kikapu chenu, kwa niaba ya familia anayewasomea hapa ni Teofilo, shemeji wa marehemu, baharia aliyezunguka bandari za dunia nzima akarudi na kitambi tu, kwa hiyo mtamvumilia. Historia hii iliandikwa jana, ila mwisho wake umeandikwa leo asubuhi, kwa sababu hadi jana familia ilikuwa bado inagombana kama marehemu azikwe na raba miguuni au azikwe pekupeku, na mjane wake, Aling Nila, yaani Mama Nila, mwenye neno la mwisho, alikuwa amekataa kulitoa.

Marehemu Crisanto Malabanan, ambaye sote tulimwita Mang Santo, yaani Mzee Santo, alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1958 hapa Marikina, mtoto wa tatu wa Eusebio Malabanan, fundi viatu, na mkewe Pacita, mshonaji wa ngozi za juu za viatu, katika nyumba ambayo, kama nyumba nyingi za mji huu, watoto waliijua harufu ya gundi kabla ya harufu ya wali. Mama yake alisema mpaka anaingia kaburini kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea, wala si kwa udhaifu, ila kwa kuwa kila alipovishwa viatu alivivua, akavigeuza, akazitazama soli, kisha akalia.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1975, na kwa muda wote huo wa sekondari alikuwa mchezaji wa timu ya shule ya mpira wa kikapu, yaani alikuwa na jezi na nafasi yake kwenye benchi, kwa sababu kila alipoingizwa uwanjani alisimama katikati ya mchezo kuchunguza kwa nini mguu umeteleza, huku mpinzani akienda zake kufunga.

Tarehe 10 Januari 1977 aliajiriwa katika karakana ya viatu ambayo leo inaongozwa na Gaudencio, rafiki yake, akianza na kazi ya kugundisha soli, na mwaka 1980 karakana ilipoanza kutengeneza raba za mpira wa kikapu ndipo bahati yake, au balaa letu, ilipofunguka. Wenye kazi hii mnajua kwamba jozi ya majaribio ya kila raba mpya hutengenezwa kwa saizi moja tu, na mguu wa Santo uliingia katika jozi ile kana kwamba yeye na kalibu ya kiatu walizaliwa mapacha, kwa hiyo hakupewa kazi ya kupima raba kwa kipaji, alipewa kwa saizi. Alizipima katika uwanja huu wa saruji siku ya vumbi na siku ya mvua, akazipima kwenye sakafu ya mbao ya ukumbi wa mji, akikimbia, akifunga breki ghafla, akikata kushoto na kulia, akiruka na kutua kwa kisigino, akisikiliza kama mguu unacheza ndani, kama soli inajikunja pale mguu unapojikunjia, kama kifundo kimeshikwa au kimeachwa kijitegemee, kisha alirudi karakana na kusema yale ambayo hakuna aliyetaka kuyasikia. Hakuna raba iliyopata kupita mkononi mwake bila dosari. Gaudencio, ambaye nywele zake mnaziona zilipofikia, alimwambia siku moja mbele ya mafundi wote, "Pare, rafiki yangu, mtu ananunua raba, haoi," naye akajibu bila kuinua kichwa, "Angekuwa anaoa angevumilia, hii ataitupa."

Mwaka 1982, katika karamu ya sikukuu ya mtaa, nyumba ikiwa imejaa na viatu vya wageni vimerundikana mlangoni, Santo aliondoka amevaa kandambili za binti mmoja aitwaye Leonila, na yeye aliyeweza kuona soli iliyokatwa vibaya kwa unene wa ukucha hakugundua lolote mpaka amefika kwao. Kesho yake alizirudisha, na badala ya kuomba radhi akamwambia yule binti, "Miguu yetu ni saizi moja," maneno ambayo Nila, kama alivyotueleza kwa masikitiko miaka yote, aliyachukulia kuwa posa. Walifunga ndoa tarehe 12 Mei 1984 katika kanisa la parokia, bwana harusi akiwa na shati jeupe la kutarizi juu na raba za majaribio chini, na walipofika mbele ya altare alifunga breki, raba zikalia, na bibi harusi akanong'ona kwa sauti iliyofika benchi la tatu, "Santo, unaoa au unacheza?" Akajibu kwamba anaoa, lakini marumaru haya yana vumbi.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Felisa, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1986, na Arnulfo, aliyezaliwa tarehe 30 Julai 1990. Felisa alikuja kuwa nahodha wa timu ya wasichana ya shule yake, na mwezi Machi 2003 alitwaa ubingwa wa mji akiwa amevaa raba ambayo baba yake aliikataa na Gaudencio akaiuza hivyo hivyo, raba iliyopendwa kutoka hapa hadi Mindanao, kusini kabisa mwa nchi, na alipomkimbilia baba yake na medali shingoni, baba alipiga goti, akabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, akasema vidole vinagonga mbele. "Baba, nimeshinda," akasema Felisa. "Wewe umeshinda," akajibu baba, "raba imeshindwa." Binti hakumsemesha mpaka Pasaka, na familia inakiri kwamba hata leo hakuna anayejua nani kati yao alikuwa na haki. Kwenye mafuriko ya Septemba 2009, maji yalipofika dirishani, Nila alipanda kwenye paa na gunia la mchele, na mumewe akapanda nyuma yake na gunia la raba za majaribio, ambazo juu ya hayo zilikuwa za mguu wa kushoto tu.

Mwaka 2012 madaktari walimkuta na kisukari, na kuanzia mwaka 2018 miguu yake ilishikwa na ganzi, jambo ambalo aliwaficha wote, akaendelea kukimbia na kutoa hukumu kama kawaida, mpaka siku Nila alipofua soksi na kukuta damu, kwa sababu mume alikuwa ameshinda kutwa nzima na pini ya karakana ndani ya wayo bila habari. Nila alilia, kisha alishukuru, akidhani mateso ya raba yamekwisha katika nyumba yake. Wiki hiyo hiyo Santo alimwekea jozi mpya magotini na kumwambia, "Vaa wewe." "Santo, mimi ni bibi wa watu." "Bibi naye ana miguu." Ndivyo mlivyomwona Aling Nila, katika umri wa kupumzika, akikimbia na dera katika uwanja huu, vijana wakicheka hadi kukaa chini, na mumewe katika kiti cha plastiki akifoka, "Inabana wapi? Usiniambie hapa, miguu yangu haijui hapa ni wapi, nieleze." Akajifunza kueleza. Alilalamika akienda na akalalamika akirudi, lakini akipita kona ya soko tulimwona akifunga breki kidogo, peke yake, akisikiliza.

Tarehe 20 Februari mwaka huu wa 2024 marehemu alilazwa hospitali, figo zikiwa zimechoka, na tarehe 1 Machi Gaudencio alimletea kitandani jozi ya mwisho, iliyorekebishwa kama alivyotaka. Aliigeuza, akaikunja, akainusa, akamwambia mkewe, "Jumatatu utaivaa." Jumapili, tarehe 3 Machi, saa kumi alfajiri, akafariki.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza. Gaudencio alikuja na jozi ile na kuomba avishwe, akisema, "Atakwendaje pekupeku, huko aendako watadhani hakuwa na kazi." Shangazi wa marehemu, Consolacion, akamkumbusha, kana kwamba hakukulia mji huu, kwamba maiti haivishwi viatu, la sivyo nyayo zake zitasikika nyumbani usiku, na kama Gaudencio anataka nyayo amchukue akazikwe kwake. Wengine walimuunga mkono shangazi, wengine karakana, wacheza karata wa mkesha wakaacha karata, na kila tulipomgeukia Nila alisema, "Niacheni ninywe uji wangu," naye uji hakuunywa.

Leo asubuhi, mkiwa hapa na vikombe vyenu vya kahawa, aliinuka, akaitwaa jozi ile, akaketi karibu na jeneza na kuivaa. Alikimbia kutoka kikapu kile hadi hiki na nguo yake ya msiba, akafunga breki, akakata kushoto, akakata kulia, akaruka kadiri magoti yalivyomruhusu na kutua, na hakuna aliyecheka. Kisha akamwinamia mumewe na kumweleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa taarifa kazini, kwamba mshiko ni mzuri, kisigino kimekaa, kifundo kimeshikwa, ila kidole kidogo cha kushoto kinasuguliwa na mshono. Akazivua, na zikiwa bado na joto la miguu yake akamvisha mwenyewe, akafunga kamba. Shangazi akasema, "Nila, utamsikia usiku." Akajibu, "Mshono haujakaa sawa, shangazi. Lazima aje aniambie ameuonaje."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule muuguzi wa zamu aliyekubali kuambiwa kila siku kasoro za viatu vyake, majirani mliopika uji na kukesha nasi, mwenyekiti wa mtaa kwa uwanja, vijana wa timu kwa subira, Gaudencio na mafundi wote wa karakana, na Felisa aliyesafiri na watoto wadogo. Mazishi ni leo Jumamosi, tarehe 9 Machi, mara baada ya misa.

Santo, lala utulie. Na ukija, soli ufute mlangoni.