Okidi Nyeupe ya Kinilow

Dada yetu mpendwa Deetje Yuliana Wowor alizaliwa tarehe 14 Julai 1951 hapa Kinilow, Tomohon, mtoto wa kwanza wa mzee Hendrik na mama Altje, akasomea ualimu Manado hadi mwaka 1971, akafundisha sayansi kwa miaka thelathini na saba, na tarehe 3 Mei 1975 akafunga ndoa na Bwana Frans Lasut, wakajaliwa binti mmoja, Meiske, ambaye tuko naye hapa.

Alipostaafu alijifunza kutengeneza picha bila kamera, yaani alipaka karatasi dawa, akalaza mmea juu yake, akaianika juani, na baada ya kuisuuza, umbo la mmea lilibaki jeupe katikati ya buluu. Alitaka kila mmea wa msitu wetu uwe na picha yake.

Mimi mdogo wake, Novri, nina jambo ambalo ningependa kuliruka, lakini alinikataza. Tarehe 9 Machi 2013 nilimwonyesha okidi nyeupe bondeni nyuma ya shamba langu, mmea mmoja tu, akaung'oa na mizizi yake ili picha itoke kamili, nami nikamshikia kikapu. Ndiyo picha ile mnayoisifu ukumbini mwa kanisa. Tulitafuta okidi nyingine kama ile kwa miaka sita, hatukuipata.

Tangu hapo hakuchuma tena hata jani, alibeba karatasi hadi msituni, akaiegemeza kwenye mmea uliosimama, na upepo ukitikisa, picha ilitoka na ukungu, akaiacha hivyohivyo. Kila picha ile ya ukumbini iliposifiwa, yeye alitoka nje. Mimi nilibaki ndani, nikipokea pongezi.

Januari mwaka huu alipolazwa Manado kwa maradhi ya figo, aliniambia, "Novri, na ile okidi uiandike."

Nikamjibu, "Dada, msibani watu husoma mazuri."

"Basi soma mazuri, halafu usome na hilo. Na uache kujificha nyuma yangu, kikapu ulishika wewe."

Alifariki tarehe 2 Februari 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, na ninyi majirani, ambao wengi wenu mnaishi kwa kuuza maua, lakini leo mmekuja mikono mitupu kwa sababu aliomba lisikatwe hata ua moja kwa ajili yake.

Pumzika kwa amani, dada.