Posa ya Mchimba Vyoo

Pale Ushirombo, mkabala na mahali mabasi ya Kahama yalipopumzishia injini, palikuwa na benchi la mninga lililong'arishwa na makalio ya watu kuliko randa ya seremala. Mzee Mihayo aliweka birika lake la kahawa ubavuni mwa benchi hilo kila asubuhi, na kabla mkaa haujashika vizuri wateja wake watatu walikuwa wameshakaa. Wa kwanza ni Otmar, aliyeitwa Karani. Aliwahi kupima pamba msimu mmoja tu, sasa alikuwa akifua mashuka ya mapadre, lakini kwa watu alisema yuko ofisini misheni. Wa pili ni Bujiku, aliyeitwa Ngozi. Ukimuuliza kazi alijibu ananunua ngozi, ingawa hakuna aliyewahi kumwona na ngozi, hata ya mbuzi. Wa tatu ni Ngassa, Futi Kumi. Huyu alichimba vyoo, na alilisema jambo hilo kwa sauti ile ile ya makonda wakitangaza safari.

Jumamosi moja ya Julai, mwaka 1973, redio ikihimiza Mtu ni Afya asubuhi na jioni na kila kaya ikitafuta choo, Ngassa alifika kijiweni na shati jeupe lililopigwa pasi na viatu alivyoazimwa na Bujiku.

— Mwangaluka! Jamani, siku imefika!

— Mwangaluka, Futi Kumi, alisema Bujiku akimpisha. Umependeza. Choo gani hicho kimekualika harusini?

— Alasiri tunakwenda kwa Mzee Apolinari kumposa Scolastika. Otmar mshenga, wewe msindikizaji. Usiniambie umesahau.

— Hatujasahau, alisema Otmar, na akaweka kikombe chini polepole kama mtu mwenye jambo zito. Ila kuna kitu. Mzee akiniuliza kijana anafanya kazi gani, mimi najibu nini?

— Unajibu nachimba vyoo.

Otmar akafumba macho.

— Ngassa. Ndugu yangu. Yule mzee ana ng'ombe arobaini. Watakuwa wamekaa wazee wa ukoo, chakula kiko mbele yao, halafu mimi nitamke choo?

— Nitanawa mikono.

— Hajaelewa huyu, alisema Bujiku. Sikiliza. Tuseme wewe ni fundi ujenzi. Choo si kina ukuta?

— Ukuta anajenga mwingine. Mimi nikishatoka shimoni nimemaliza.

— Basi bwana udongo! Otmar alifumbua macho. Serikali ina mabwana shamba, ina mabwana afya, ina mabwana mifugo. Itakosaje bwana udongo?

— Mabwana wote hao wana kofia, alisema Mzee Mihayo akimimina.

— Kofia tutaazima kwa dereva wa trekta.

— Wana pikipiki pia.

— Pikipiki iko matengenezo Tabora! Bujiku alikuwa ameshasimama, mikono hewani. Lakini bwana udongo ni cheo kidogo. Tuseme ametumwa. Tunaishia hapo hapo: ametumwa kuchunguza kilichoko chini. Tukinyamaza wenyewe watajua ni siri ya serikali. Nani atathubutu kuuliza zaidi?

— Na wakiniuliza mimi nachunguza nini?

— Unakohoa.

Mzee Mihayo, ambaye kwa kawaida alimimina tu na kusikiliza, siku hiyo naye alishindwa kujizuia.

— Mimi ningesema hivi. Wachina si wanajenga reli kule kusini? Basi itakuja nyingine huku, ya kupita chini ya ardhi, kutoka hapa mpaka Mwanza. Ngassa ndiye wamemtanguliza.

— Reli ya chini! Otmar akajipiga paja. Na yale mashimo yote aliyochimba mjini?

— Stesheni.

Ngassa alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kidole. Kisha kicheko kikamkauka, kwa sababu alikumbuka jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu yeyote. Mwaka uliopita alichimbia nyumba moja njia ya Masumbwe kwa siku tatu. Siku ya mwisho mama mwenye nyumba alimpa ugali kwenye sahani yenye ufa, na Ngassa alipogeuka kuaga alimwona yule mama akiitupa ile sahani kichakani. Alirudi nyumbani akiimba barabara nzima ili asiifikirie. Sasa alimfikiria Scolastika amekaa kati ya shangazi zake, halafu mmoja wao anakunja pua. Akatazama viganja vyake, vigumu kama soli.

— Labda, alisema taratibu, tuseme fundi tu. Bila kutaja fundi wa nini.

— Hapo sasa! walisema wote wawili kwa pamoja.

Ndipo baiskeli ya kike ikasimama mbele yao. Aliyeteremka alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, sketi yake ina alama za chaki.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, mwanangu, aliitikia Mihayo. Kahawa?

— Nashukuru, sina muda. Naitwa Mwalimu Melania, nimetoka shule ya kijiji kipya kule bondeni. Nimeelekezwa kwamba kwenye benchi hili kuna mtu anayechimba vyoo.

Bujiku aliwahi kujibu, kwa nia njema kabisa ya kumsitiri mwenzake:

— Hapa? Hapana, mwalimu. Sisi hapa ni watu wa kazi nyingine.

— Kazi gani?

Lilikuwa swali dogo. Bujiku alifungua mdomo, akaufunga. Otmar alianza kukohoa. Mzee Mihayo aliyekuwa na kazi inayoonekana, birika mkononi, aliinama kupuliza mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja, akasubiri, kisha akashika usukani wa baiskeli yake ili aondoke.

Ngassa hakuwa ameamua kusimama, lakini alijikuta amesimama.

— Ni mimi! Mwalimu, ni mimi. Ngassa. Nachimba vyoo. Futi kumi, na kumi na mbili ukitaka.

Melania aliachia baiskeli ikaanguka. Akaeleza haraka haraka, kama mtu aliyekuwa akijirudia maneno hayo njia nzima. Shimo la choo cha shule limebomoka mara mbili. Jumatano, lilipobomoka mara ya pili, binti mmoja wa darasa la tatu alikuwa ukingoni na akaenda nalo mpaka kiunoni. Wenzake walimvuta kwa mikono. Tangu siku hiyo wazazi wamekataa kuchimba tena. Bwana Afya anakuja Jumatatu, na ameshasema asipokuta choo anaifunga shule.

— Watoto mia na arobaini, alisema. Nitawaambia nini?

— Udongo wa namna gani? aliuliza Ngassa.

— Mchanga.

— Mchanga upi? Ukiufumbata unashikana, au unamwagika?

— Unamwagika kama sukari.

— Luseni! Ngassa alipaza sauti kama aliyetajiwa rafiki wa zamani. Huo naujua, mwalimu! Huo hauchimbwi kama udongo mwingine. Unasuka kihenge cha fito mbichi, kama kile cha kuwekea mtama, ila hakina kitako. Unakiweka pale unapotaka shimo, unaingia ndani yake, unachimba. Kadiri unavyotoa mchanga ndivyo kihenge kinavyoshuka chenyewe, mchanga unasukuma kwa nje, fito zinaukatalia. Ukiona kinataka kuzama chote unasuka kuendelea juu. Haubomoki huo! Wewe una fito?

— Watoto watakata leo hii, hata kwa meno.

— Basi Jumatatu Bwana Afya atakuta futi kumi.

Melania akaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja. Otmar akamvuta Ngassa mkono.

— Ngassa. Posa.

Wazee wa ukoo wa Apolinari walikuwa wameshakusanyika, wengine wametoka Bukombe kwa miguu. Mwanamume aliyesubiriwa asipotokea, hilo lilikuwa tusi, na binti ndiye angelibeba machoni pa watu. Ngassa alilijua hilo.

— Nendeni ninyi, alisema mwishowe.

— Bila wewe?

— Mshenga ni wewe, Otmar. Posa inapelekwa na mshenga.

— Na wakituuliza uko wapi? Tuseme una homa?

— Semeni nachimba choo.

— Ngassa!

— Semeni hivyo hivyo. Choo cha shule, kwenye luseni, kwa kihenge. Mkiwafahamisha, msipunguze hata neno moja.

Alivua viatu akamrudishia Bujiku, akavua shati akalikunja na kumwachia Mzee Mihayo. Akakimbia nyumbani kifua wazi kuchukua sururu na sepeto, na Mwalimu Melania nyuma yake akisukuma baiskeli mbio.

Walisuka mpaka jua likazama. Wazazi walikuja kutazama wakiwa mbali, mikono nyuma, halafu mmoja akasema fito hizo zimelegea, akasogea kuzikaza, na baada ya hapo hakuna aliyebaki mbali. Jumapili asubuhi Ngassa alishuka ndani ya kihenge na kuchimba huku akiwaeleza kwa sauti kila alichokiona huko chini, hapa mchanga mweupe, hapa mwekundu, hapa unyevu umeanza. Kila alipopiga sepeto moyo ulimwuliza habari za nyumbani kwa Apolinari. Alipofika futi ya saba akashindwa kuvumilia. Akawaachia wazazi kazi ya kusukia juu, akaazima baiskeli ya mwalimu, akapiga pedali mpaka kijiweni.

Aliwakuta wametoka misa. Mchanga ulikuwa umemjaa masikioni.

— Niambieni. Nimekataliwa?

— Kaa kwanza, alisema Otmar.

— Sikai!

— Kaa, mtu wewe, tukusimulie vizuri, alisema Bujiku, na uso wake ulikuwa uking'aa kwa namna ambayo Ngassa hakuwahi kuiona. Tulifika. Wazee kumi na mmoja. Apolinari akauliza, kijana yuko wapi? Huyu Karani akaanza, ooh, kuna dharura ya kitaifa...

— Niliogopa, bwana!

— Nikamkatiza. Nikasema, mzee, anachimba choo cha shule, kwenye luseni, kwa kihenge. Shangazi mmoja akasema, choo? Kama hivyo, na pua juu. Apolinari akanigeukia mimi. Akasema, na wewe unafanya kazi gani?

— Ukasema ngozi.

— Nilitaka. Neno lilikuwa hapa kwenye ulimi. Halafu nikasema, mzee, mimi nachimba dhahabu huko milimani, sina kibali, na mke wangu hajui.

Mzee Mihayo aliacha kumimina. Ngassa alimkodolea macho.

— Mwaka wa nne huu, aliendelea Bujiku. Hata kwa padre sikulitaja. Nilivyolisema nikahisi kama nimetua gunia la pamba. Na jana jioni nikamwambia mke wangu. Amenifokea mpaka jogoo wamenyamaza, lakini nililala, jamani! Nililala!

— Na mimi nikawaambia nafua mashuka, alisema Otmar kwa sauti ndogo. Shangazi yule yule akaniuliza nang'arishaje vile, maana yeye anayaona kanisani. Tukaongea mambo ya sabuni nusu saa.

— Achaneni na sabuni! Ngassa aliwashika wote wawili mabega. Scolastika je?

Otmar na Bujiku wakatazamana. Otmar, kwa heshima ya ushenga, ndiye aliyesema.

— Mzee alimwita. Akamwuliza mbele yetu sote, mwanangu, unaijua kazi ya huyu mtu? Akasema anaijua. Mzee akamwuliza, unaijuaje? Akasema, mwezi wa tano ulimchimbia choo mama yake mdogo, Justina. Ulipokwenda kula, kabla hakijafunikwa, alishuka kwa ngazi yako.

— Alishuka?

— Mpaka chini. Anasema kulikuwa na ubaridi mzuri. Akagusa kuta pande zote. Halafu akatazama juu, na mbingu ilikuwa duara kamili, kama imekatwa kwa bikari.

Miaka sita Ngassa alikuwa akimwambia kila mtu kazi yake, sokoni, kanisani, ndani ya basi, na hilo la mbingu hakuwahi kulisema, kwa sababu hakujua angeanzaje. Kila shimo lilipokamilika alikaa chini dakika mbili, tatu, akaitazama. Alidhani ni yeye peke yake aliyewahi kuiona.

— Mzee akasema basi, Jumamosi ijayo uende mwenyewe, alimalizia Bujiku. Tumekubaliwa, Ngassa! Unasikia?

— Rudia lile la kushuka, alisema Ngassa.

Otmar alilirudia. Ngassa akaomba mara ya tatu, na safari hii Mzee Mihayo naye akasogeza kigoda chake karibu. Alipoinua birika kuwaongezea, yakatoka matone mawili na machicha.

Ngassa alisimama akapanda baiskeli. Zilikuwa zimebaki futi tatu.